Bawabu Asiye na Daftari

Dalmas Were alifundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja huko Butere, kisha akaja Riyadh kuwa mlinzi. Usimwonee huruma mapema, ulinzi haukumchukiza. Alipewa kiti, kivuli na daftari katika jengo la orofa nne mtaani Al-Murabba, na kazi yake ilikuwa kuandika nani kaingia na nani katoka. Kilichokuja kumuuma ni jambo jingine kabisa. Aliyemsaliti ndiye alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyemwita mwalimu.

Mtu huyo ni Soud. Alizaliwa Jeddah, lakini babu yake alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na begi moja, na nyumbani kwao Kiswahili hakikuzimwa hata siku moja. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni iliyokuwa ikileta wafanyakazi wa nyumbani, orofa ya tatu. Siku moja alimkuta Dalmas pale mlangoni akisahihisha kwa kalamu nyekundu tangazo la Kiswahili ambalo kampuni ilikuwa imelibandika ukutani. Badala ya kumkaripia, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Yakhe, weye ulikuwa wapi siku zote?" akamuuliza. "Mimi natafuta mtu wa namna yako tangu Ramadhani."

Ilikuwa mwaka 2013, na wasichana wa Kenya walikuwa wakishushwa uwanja wa ndege kwa mamia. Kampuni ilitaka kuwafungulia laini ya simu ya malalamiko. Laini hiyo haikuwa na mtu. Mashine ndiyo ingepokea, isikilize Kiswahili, iamue kama kilichosemwa ni lalamiko au ni kelele tu. Likiwa lalamiko, faili linafunguliwa, na kwa kanuni ya kampuni faili likishafunguliwa sharti mtu alishughulikie. Aliyelalamika kabla hajatimiza siku tisini alikuwa na haki ya kuhamishiwa nyumba nyingine. Zikipita tisini, halas, mkataba wa miaka miwili umeshamfunga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ilikuwa ikikazwa siku ya tisini na moja.

Basi kila alasiri Dalmas alipotoka zamu alipanda orofa ya tatu, na Soud alimmiminia chai. Wakakaa wakiandika kanuni: sentensi ya Kiswahili huanzaje, hufuatwa na nini, huishaje. Dalmas aliziandika kwa mkono katika daftari la shule. Hakuwa amefurahi hivyo tangu aache chaki.

Siku ya nne akamweleza Soud jambo la kwao. Kwao mgeni hailalamikii nyumba anamokula. Akiwa na neno zito, hulipitisha katika kinywa cha mwingine, na huyo naye katika kinywa cha mwingine, ili lisimchome mtu usoni. Ila kinywa ukikifungua lazima ukifunge. Ukianza na "shangazi anasema", sharti umalizie na "ndivyo alivyosema shangazi", ijulikane maneno ya nani yameishia wapi. Ukifungua vinywa vitatu unafunga vitatu, na cha mwisho kufunguliwa ndicho cha kwanza kufungwa, kama sufuria zinavyopangwa moja ndani ya nyingine. Bibi yake Dalmas aliwahi kumrudisha mjumbe mlangoni kwa kuwa alifungua vinne akafunga vitatu. Akamwambia akanywe maji, akumbuke, aanze upya.

Soud alipiga makofi. "Mama'angu kule Jeddah, Al-Mahjar, ndivyo asemavyo! Hasa akiwa kakasirika. Huwezi kujua kakutukana mpaka ufike nje."

Akaandika kanuni moja fupi iliyojiita yenyewe: lalamiko ni kinywa kilichofunguliwa, ndani yake mna lalamiko jingine, kisha kinywa kilekile kikafungwa. Dalmas aliitazama kanuni ile kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja tu, na bibi yake akiwa ndani yake mzima mzima. Alitoka pale akitabasamu peke yake barabarani.

Juma lililofuata Soud alikuja na uso umemshuka. Kisanduku cha kusikiliza sauti, ambacho kampuni ilikuwa imeshakinunua, hakikuweza kuimeza kanuni ile.

"Mwalimu, chukulia bawabu asiye na daftari," alisema. "Anajua tu sasa hivi yuko mlango upi. Akisikia neno, anasogea mlango wa pili. Akisikia jingine, wa tatu. Lakini umuulize wangapi wameingia na hawajatoka, hajui. Hana pa kuandika."

"Soja kama huyo si angefutwa siku ya kwanza," Dalmas akasema. "Boss angemwambia yalla, rudi Kenya."

"Ndiye tuliyenunuliwa. Hahesabu vinywa. Milango yake ina mwisho, na vinywa vya bibi yako havina mwisho."

"So tunafanya aje?"

"Tunakadiria." Soud akachora malango mawili kwenye karatasi. "Bawabu huyu tunaweza kumfanya mkarimu au mchoyo. Mkarimu, akisikia vinywa vimefunguliwa na kufungwa, vyovyote vile, anapitisha. Watapita na wasioalikwa, kelele zitaingia, lakini mgeni wa kweli harudishwi hata mmoja. Mchoyo anaruhusu neno kavu, au kinywa kimoja tu, kifunguliwe, kifungwe, basi. Hapitishi mwizi, ila wageni wa kweli wengi atawafungia mlango."

Dalmas hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amekaa mlangoni miezi kumi na minne na aliijua tofauti. Ukimpitisha mtu asiyehusika, atazunguka, atachoka, atatoka. Ukimfungia anayehusika, hujui kilichompata huko nje.

"Mkarimu," akasema. "Soud, niahidi. Hawa wasichana wananiamini. Fellowship yetu yote ya maombi nimeiambia kuhusu hii kazi."

Soud aliweka kikombe chini, akaweka kiganja kifuani. "Wallahi, mwalimu. Bawabu wetu atakuwa mkarimu."

Ahadi ni deni, na Dalmas aliipokea kama mtu anayepokea kitu chenye uzito. Mashine ikawashwa mwezi wa Novemba. Soud akahamishiwa ofisi ya Jeddah kuisimamia kutoka huko, akawa anampigia Dalmas kila wiki kumsalimia.

Mwezi wa Januari akaja Roseline.

Roseline ni binti wa mama mdogo wake Dalmas, na Dalmas ndiye aliyemfundisha darasa la saba na la nane. Alipelekwa Jeddah, nyumba kubwa ya Al-Hamra, karibu na bahari ambayo hakuwahi kuionyeshwa. Simu yake ilikaa kwa madam. Alipewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, madam akilala.

Aliahidiwa chumba, akawekwa jikoni, godoro karibu na mashine ya kufulia. Aliambiwa nyumba moja, akafanya tatu, kwa kuwa madam alikuwa na dada wawili waliopenda sakafu ing'ae. Hakupigwa. Alisema hivyo kila mara kwa haraka, kama mtu anayemtetea mwenzake: hawajanipiga, kaka. Lakini kila Ijumaa sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, na Dalmas, aliyekuwa ameisikia sauti hiyo ikijibu maswali darasani kabla hajaulizwa, alianza kuogopa.

"Kuna laini," alimwambia Ijumaa ya sita. "Piga. Ni free. Kabla ya siku tisini wanakuhamisha, ni haki yako."

"Niseme tu nataka kuhama? Kaka, si nitaonekana sina adabu? Na mpishi ananisikia, na madam ni mtu mkubwa."

"Usiseme hivyo. Sema vile bibi alitufundisha. Fungua vinywa vyako, uvifunge. Hiyo mashine itakuelewa."

"Mashine, kaka?"

"Nimeifundisha mimi," Dalmas akasema, na kifua kikamjaa.

Ijumaa ya saba Roseline alipiga laini ile. Akampigia Dalmas mara tu baadaye, akinong'ona lakini na furaha. Alikuwa amesema yote, na alimrudia kaka yake neno kwa neno: mama mpishi anasema, madam amemwambia, dada yake madam anauliza, huyu msichana anayelala jikoni na kufanya nyumba tatu, kama yupo wa kumhamisha na ahamishwe, ndivyo anavyouliza dada yake madam, ndivyo alivyosema madam, ndivyo alivyosema mama mpishi. Wote hao hawakusema chochote, bila shaka. Vinywa vyao viliazimwa tu, kama desturi inavyoruhusu.

"Ikajibu nini?"

"Imesema, asante kwa kupiga simu, kwaheri. Imenishukuru, kaka!"

Jioni ile Soud alipopiga simu ya salamu, Dalmas hakuweza kujizuia. Alimwambia kwamba binti wa kwao ameitumia laini, kwamba amefungua vitatu akafunga vitatu, na mashine imemshukuru.



"Basi vyema, mwalimu," Soud akasema. "Vyema sana."

Siku ile Roseline alikuwa na siku arubaini na tisa. Zilikuwa zimebaki arubaini na moja.

Wakangoja. Roseline alipiga tena Ijumaa ya tisa, akashukuriwa tena. Akapiga ya kumi na moja, akashukuriwa mara ya tatu. Dalmas alimtuliza kwamba ofisi ni ofisi, mambo huenda polepole, faili lipo mezani kwa mtu. Soud alipopiga aliulizia hali ya hewa ya Riyadh.

Ijumaa ya kumi na tatu Roseline hakunong'ona. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyomshtua Dalmas. Madam alikuwa amemwonyesha karatasi asubuhi. Siku tisini na moja. Majaribio yamekwisha, hakuna lalamiko lililoandikwa, mkataba umethibitishwa. Aliposema kwamba alilalamika, madam alimwambia mafi, hakuna kitu, na wala hakuwa na hasira. Alimpa sahani za kuosha.

Dalmas alirudi kwenye kiti chake pale mlangoni akakaa na simu mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo miezi yote hiyo hakuona haja ya kulifanya, kwa kuwa mtu hampimi rafiki yake. Aliipigia laini ile mwenyewe.

"Nataka kuhama nyumba," akasema, kavu kama mlevi kwenye stendi.

"Lalamiko lako limepokewa," ikajibu sauti ya kike. "Namba ya faili lako ni elfu moja mia mbili na sita."

Namba. Kumbe kulikuwa na namba. Akapiga tena, akasema maneno ya Roseline yote, vinywa vitatu, akivifunga kimoja kimoja.

"Asante kwa kupiga simu. Kwaheri."

Akaondoa kinywa kimoja, akapiga na viwili. Asante kwa kupiga simu, kwaheri. Akabakisha kimoja, mpishi peke yake. Akapewa namba. Akarudia viwili, polepole, kwa matamshi ya mwalimu anayesoma imla. Asante, kwaheri. Alipiga mara kumi na moja, na kila mara mlango ulifungwa palepale. Basi akajua. Bawabu alikuwa mchoyo. Alikuwa mchoyo tangu lini hakujua, lakini shukrani ile ya mashine ndiyo ilikuwa namna yake ya kumtupa mtu nje, na Soud, aliyeijenga, aliijua maana yake alipoambiwa msichana ameshukuriwa. Alijua, akasema vyema, zikiwa zimebaki siku arubaini na moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo aliwahi kuutolea mifano ubaoni mara nyingi asijue kwamba unauma hivi.

Aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi la Jeddah. Ni safari ndefu, na njia nzima aliyapanga matusi. Alikuwa na matusi mazuri sana alipofika Al-Mahjar.

Mlango ulifunguliwa na Bi Kijakazi, mama yake Soud, mwanamke mdogo wa mwili aliyejifunga leso kiunoni, na nyuma yake harufu ya mkate wa kumimina. Soud alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni. Alipomwona Dalmas alisimama, na uso wake ulisema kila kitu kabla ya kinywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye mwalimu? Soud kakutaja mpaka nimekuota. Pita, pita, keti ule."

Ndipo matusi yote yalipomkwama. Huwezi kumtukana mtu mbele ya mama yake, katika nyumba yake, mkate wake umo mkononi mwako. Dalmas alikula. Akanywa chai. Akaulizwa habari za Riyadh akajibu njema. Soud hakuinua macho. Mwishowe Bi Kijakazi akakiweka kikombe chake chini.

"Mwanangu, hukupanda basi kutoka Riyadh kuja kula mkate. Una neno."

"Ninalo, mama. Lakini si langu."

"La nani?"

Dalmas akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini kama alivyokuwa akiwaona wajumbe wakifanya mbele ya bibi yake.

"Msichana mmoja wa Al-Hamra anasema," akaanza, "mwalimu wake alimwambia, rafiki yangu ameniapia, mlango uko wazi, hakuna mgeni wa kweli atakayerudishwa, na ukisikia umeshukuriwa basi ni vyema." Kulikuwa na vinywa vitatu vilivyofunguliwa pale sebuleni. Alipaswa kuanza kukifunga cha rafiki, na hakuweza. Akabaki ametazama mkeka.

Bi Kijakazi akageuka akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanzu.

"Ndivyo alivyosema Soud," Bi Kijakazi akasema.

"Ndivyo alivyosema mwalimu," Dalmas akafuatia, na sauti ikamvunjika. "Ndivyo anavyosema Roseline."

Soud akaanza kujieleza. Alisema bawabu mkarimu aliwashwa kweli, wiki tatu za kwanza, na akafungua mafaili mia tisa, televisheni, watoto, watu wanaosali karibu na simu. Bosi akamwita. Bosi huyo ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake, ndiye kafili wa mama yake, miaka yote hii ikama zao, vibali vyao vya kuishi nchini, humpitia yeye. Akaambiwa mafaili yapungue. Akampindua bawabu kwa alasiri moja.

"Hilo nalielewa," Dalmas alisema. "Haki ya Mungu, Soud, hilo nalielewa. Mimi pia nina kafili. Lakini nilikuambia ameshukuriwa. Ungeniambia neno moja tu. Ungesema, mwambie apige tena aseme kavu. Neno moja, na kafili asingejua."

"Niliona haya, mwalimu. Nilikuwa nimekuapia."

"Ukaona haya," Dalmas akasema, "msichana akalala jikoni."

Soud alisema atajaribu kusema na mtu. Bi Kijakazi alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa leso. Dalmas alimuaga yeye kwa heshima zote, lakini akakataa kumpa Soud mkono. Kutoka Al-Mahjar hadi Al-Hamra si mbali kwa gari, lakini nyumba ile hakuwa na ruhusa ya kuikaribia, kwa hivyo alirudi Riyadh.

Ijumaa Roseline alipiga. Dalmas alikuwa ameandaa maelezo kuhusu mashine, kuhusu milango na mahesabu, na hakupata nafasi ya kuyatoa.

"Kaka, niambie tu ukweli," alisema. "Nilikosea wapi? Nilifunga vyote. Nilikuwa nahesabu kwa vidole."

"Hukukosea."

"Vitatu nilifungua, vitatu nilifunga. Mara zote tatu, kaka. Kama kuna chenye nilisahau uniambie, ndio nijue."

"Hukusahau kitu, Roseline. Ulisema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha," Dalmas akamwambia, na akalia pale kwenye kiti cha ulinzi mchana kweupe, watu wakiingia na kutoka bila kuandikwa. "Ungesema vibaya wangekuhamisha."